Chati ya Gari la Buluu

Duane Kessler alitoa hukumu bila kufungua boneti. Alisimama mlangoni mwa gereji yake, barabara ya Clinton, kikombe cha kahawa mkononi, akalisikiliza gari la buluu likitetemeka pale liliposimama kama mtu mwenye homa. Kisha akachomeka waya wa mashine yake chini ya usukani, akasoma namba moja na kutikisa kichwa. Mvuke wa petroli unavuja, alisema. Tangi libadilishwe, mabomba yote yabadilishwe, na kila kilichofungwa katikati yake. Dola elfu moja na mia tatu, na hapo hajagusa huo mtetemeko.

Renata Wojtaszek alimuuliza unavuja wapi hasa. Kessler akajibu kwamba gari la miaka kumi na sita huvuja kila mahali. Mwezi uliopita alikuwa amemuuzia kifuniko kipya cha tangi kwa dola thelathini na nane, kwa sauti hiyohiyo ya mtu mwenye uhakika.

"Mume wako yuko wapi?" aliuliza Kessler. "Afadhali niongee naye. Haya mambo ya mabomba ni marefu."

Renata alimwambia kwamba aliyekuwa mume wake yuko Florida, na kwamba hata wakati wa ndoa hakuwahi kujua oili inamiminwa wapi. Wateja wanne waliokuwa kwenye viti vya plastiki wakacheka. Kessler hakucheka. Alimtazama Renata kuanzia viatu vyake vyeupe hadi sare yake ya waridi ya kuhudumia wagonjwa, akasema kila mtu abaki na kazi yake.

"Sawa," alisema Renata, na hakupunguza sauti. "Kazi yangu ni wagonjwa. Nikimwandikia mgonjwa hali yake bila kumgusa, nafukuzwa siku hiyohiyo. Wewe hukufungua hata boneti."

 Kessler alichana karatasi kutoka kwenye mashine na kumpa. Gari limeshindwa ukaguzi, na sheria inampa siku kumi za kulitengeneza.

"Siku kumi, bibie," alisema. "Ukirudi na gari hilihili, usirudi na mdomo huohuo."

Ilikuwa Ijumaa. Siku ya kumi ingeangukia Jumatatu ya juma la kabla ya Pasaka.

*

Renata alihudumia wazee saba majumbani mwao, kuanzia Kaisertown hadi Lackawanna. Aliwaogesha, aliwapima presha, aliwapa dawa, aliwasikiliza wakimsema vibaya mtoto aliyeacha kupiga simu. Kati yao alikuwepo Bwana Leland Fitch, aliyewahi kumrushia muuguzi mwingine bakuli la supu na ambaye kwa miaka sita hakukubali mkono wa mtu mwingine umguse mgongo. Bila gari hakuna aliyeweza kuzifikia nyumba saba kwa siku moja.

Msimamizi wake alipiga simu Jumamosi. Alikuwa mpole, na upole wake ndio uliotisha. Kampuni haiwezi kumtuma mfanyakazi barabarani na gari lisilo na stika ya ukaguzi, bima haikubali. Atume picha ya stika mpya Jumatatu ile, kabla ya saa sita mchana. Ikishindikana, wazee wake wote saba watagawiwa watu wengine kuanzia Jumanne, na wakishagawiwa hawarudi.

"Hata Bwana Fitch?" aliuliza Renata.

"Bwana Fitch naye atazoea," alisema msimamizi.

Mama yake Renata, Wanda, aliyasikia yote kutoka jikoni, alikokuwa akikanda unga wa pierogi, maandazi ya kuchemshwa yenye viazi ndani. Wanda alikuwa na miaka sitini na sita. Thelathini na mmoja kati ya hiyo aliitumia kiwandani, akikagua raba za kupangusia vioo vya magari, na alipostaafu walimpa saa ya ukutani iliyokuwa inachelewa. Nyumba ilikuwa yake, mshahara ulikuwa wa binti yake, na gari walitumia wote wawili.

"Huyo Kessler namjua tangu anavaa kaptula," alisema. "Baba yake alikuwa fundi. Yeye ni karani wa mashine."

"Mashine imesema unavuja, mama. Hilo si uongo."

"Basi tafuta unapovujia. Si unatafutaga mishipa ya watu wasio na mishipa?"

Aliyasema kwa mzaha. Renata hakuyachukua kwa mzaha. Alichukua daftari jipya kati ya yale aliyotumia kwa wagonjwa, lenye safu za tarehe, saa, joto, chakula na hali, na juu ya ukurasa wa kwanza akaandika: Gari. Kisha akaenda maktaba, akaazima kitabu kinene cha ufundi wa magari ya aina ile, chenye picha za mabomba ya mvuke kuanzia tangini hadi kwenye injini. Alikisoma akila, na Wanda akalalamika kwamba kitabu kinanuka oili kuliko gari lenyewe.

*

Chati ya gari ilikuwa kama chati nyingine yoyote. Jumamosi, saa moja asubuhi: limewaka mara moja, limetulia, halina harufu. Jumapili, saa sita mchana: linatetemeka likisimama, limezima mara mbili kwenye taa za barabarani, harufu kali nyuma. Jumatatu asubuhi: linatetemeka. Jumatatu jioni: nafuu. Jumanne: limepona kabisa, kama halijawahi kuumwa. Jumatano, saa kumi na mbili jioni: limezima nje ya mlango, halikuwaka mpaka dakika tano zikapita. Alhamisi asubuhi: linatetemeka tena.

Renata aliutazama ukurasa ule jikoni kwa Bwana Fitch, mzee akisubiri uji wake. Hakuna homa inayokuja Jumapili na Jumatano tu. Akapitisha kalamu kwenye safu hadi kufikia ile ya chakula, ambayo kwa gari alikuwa ameiacha tupu kila siku.

Jioni ile alimkuta Wanda uani akivuta sigara.

"Mama, Jumapili baada ya misa ulienda wapi?"

"Kituo cha mafuta. Kwani ni dhambi?"

"Na jana?"

"Kucheza bingo. Kisha kituo cha mafuta."

"Bomba likijifunga lenyewe, unaacha hapo?"

Wanda alimtazama kama aliyeulizwa kama huwa anamwaga maziwa. "Linajifunga mapema lile. Mimi nafinya tena, pole pole, mpaka nione petroli kwenye shingo ya tangi. Tena bei naikamilisha, isiishie senti za ajabu ajabu."

Renata alikaa kwenye ngazi. Kitabu kilikuwa kimemfundisha, na sasa aliyasema kwa maneno ya kazi yake. Tangi linapumua. Mvuke wake unapita kwenye mpira hadi kwenye kopo lililojaa mkaa, mkaa unaunyonya, halafu injini inauvuta kidogo kidogo na kuuchoma. Lile kopo ni la mvuke tu. Ukifinya bomba baada ya kujifunga, petroli yenyewe inapanda hadi kwenye mkaa, mkaa unalowa na kumomonyoka, na chembe zake zinaenda kuikwamisha vali iliyo mbele, kile kilango cha mvuke. Vali ikikwama wazi, injini inavuta wakati haikuomba, na ikisimama kwenye taa inasongwa.

"Tumekuwa tunamlisha mgonjwa mpaka kwenye mapafu," alisema.

Wanda alivuta moshi, akautoa. Renata alisubiri. Alisubiri mama yake aseme lolote, hata "kumbe".

"Ulikuwa na miezi minane," alisema Wanda. "Januari ya sabini na saba. Nilikuwa nakurudisha kutoka kwa daktari, theluji ikaja kama ukuta, magari yote yakasimama. Nilikuwa na robo tangi. Nikawa nawasha hita dakika kumi, nazima ishirini. Robo ikaisha. Kwa muda wa saa tisa nilikaa pale, nimekutia ndani ya koti na ndani ya sweta na ndani ya gauni, nakupulizia pumzi usoni. Gari la mbele yetu walikuta watu wawili, wamekufa." Alizima sigara kwenye kopo la maharage. "Tangu siku ile tangi langu linajaa. Kwa hiyo usikae hapo kunisubiri. Radhi siombi."

Aliingia ndani. Baadaye kidogo aliufungua mlango na kusema pierogi zinapoa.

*

Ijumaa Renata alimaliza wagonjwa mapema, akalipandisha gari upande wa nyuma juu ya mbao mbili pale uani. Alimwambia mama yake sigara zibaki ndani. Wanda akasema ndani amekatazwa na binti yake huyohuyo, basi avutie wapi, kanisani?

Kwanza Renata aliwasha injini, akaiacha itetemeke. Akaufuata mpira mwembamba unaotoka kwenye vali, akauzungushia kitambaa na kuubana kwa koleo. Mtetemeko ukakata. Akaachia, ukarudi. Akabana, ukakata. Wanda, aliyekuwa ameshika tochi, alisema polepole, "Hebu tena." Walifanya hivyo mara tano, na mara zote tatu za mwisho hazikuwa na sababu yoyote zaidi ya raha.

Vali mpya iligharimu dola arobaini na moja. Ile ya zamani walipoitikisa ilimwaga chembe nyeusi kama unga wa kahawa kwenye kiganja cha Wanda.

Lakini vali ilikuwa nusu ya ugonjwa. Mashine ya Kessler ilisema kuna mahali panapovuja, na harufu ya nyuma ilikubaliana nayo. Kitabu kilisema mafundi hutumia mashine ya moshi. Renata aliulizia: kukodi mashine kwa siku moja ni zaidi ya malipo yake ya siku mbili. Kilisema pia presha ya kupimia lazima iwe ndogo sana, la sivyo mtu atapasua alichokuja kukipima. Alisoma kile kiwango, akakibadilisha kwa penseli pembeni mwa ukurasa kwenda kwenye vipimo alivyovizoea, akapata ishirini na sita.

Akaanza kucheka peke yake.

"Nini?" aliuliza Wanda.

"Ishirini na sita, mama. Mtu akiwa na presha hiyo ni wa kuzikwa. Lakini mashine yangu inaisoma."

Alitoa mfukoni mwa sare kipimo chake cha zamani cha presha, akaking'oa kile kitambaa cha mkononi, akabaki na puto la kufinya, mpira na saa yenye mshale. Akaziba kipande cha kwanza cha bomba la mvuke huku na huku, akachomeka mpira wake, akafinya taratibu hadi ishirini na sita. Mshale ukasimama. Walihesabu dakika mbili, haukusogea. Kipande cha pili, vilevile. Cha tatu, kile kilicho kati ya tangi na kopo la mkaa, mshale ulifika ishirini na sita ukaanza kuteremka: ishirini, kumi na nne, saba.

"Mgonjwa wako anakata roho," alisema Wanda.

Walipaka maji ya sabuni, wakatazama, wakapaka tena. Mpira ule ulipita juu ya chuma, mahali ambapo tochi haikufika vizuri, na mapovu yaliteleza na kukauka bila kusema kitu. Renata alilala chali chini ya gari mpaka mgongo ukafa ganzi. Wanda alimwambia atoke. Alitandaza gazeti, akajilaza yeye, akalalamikia magoti yake mojamoja kwa jina la mtakatifu, akapeleka mkono juu ya kile chuma bila kutazama. Kidole gumba kikapita kwenye mpira, inchi kwa inchi, kikibonyeza na kuachia, kama kilivyobonyeza raba elfu tatu kwa zamu kwa miaka thelathini na mmoja.

Kikasimama.

"Hapa," alisema. "Raba nzuri ukiipinda inarudi. Hii inafikiria kwanza."

Renata aliukata mpira ule na kuutoa. Kwenye kona, upande usioonekana, palikuwa na ufa mrefu kama ukucha. Futi mbili za mpira mpya zilikuwa dola sita. Kopo la mkaa walilifungua, wakalikuta zito na linadondosha petroli, wakaliweka mwisho wa uani likauke kwa siku moja nzima, na Wanda akazungushia uzi mwekundu kwenye kiti chake cha sigara ili akumbuke asilisogelee.

*

Jumamosi jioni kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake. Renata aliazima kisomeo kidogo cha kompyuta ya gari kwenye duka la vipuri, akaifuta ile namba ya hitilafu, na taa ya injini ikazimika. Kulibaki jambo moja. Kompyuta ya gari hujipima yenyewe, mtihani baada ya mtihani, na ule wa mvuke haiufanyi tangi likiwa limejaa. Lazima mshale wa petroli ushuke kwenye nusu au chini kidogo, gari lilale lipoe, kisha liendeshwe asubuhi kwa utulivu. Kumbe mwaka mzima tangi la Wanda lilikuwa limejaa mno hata gari lisiweze kujichunguza vizuri.

Sheria inavumilia mtihani mmoja ambao haujakamilika. Renata hakutaka kuvumiliwa, wala kumpa Kessler kisingizio cha kumnyima stika. Alitaka Kessler aisome kwenye mashine mistari yote ya mitihani.

Petroli ilikuwa bado juu tangini. Kwa hiyo Jumapili ya matawi, baada ya misa, walishika njia ya kandokando ya ziwa kuelekea Erie, maili tisini kwenda na tisini kurudi, hawana shughuli Erie hata moja. Wanda alikaa na tawi lake mapajani. Redioni mtu mchangamfu alitangaza kwamba theluji ya mwisho wa msimu huenda ikashuka usiku.

"Umesikia," alisema Wanda.

"Nimesikia."

Mshale ulipita robo tatu. Wanda alianza kutaja vituo vya mafuta kimoja kimoja wanavyovipita, na bei zake, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya marehemu. Walifika Erie, wakala soseji ndani ya gari, wakageuza. Kabla ya Fredonia mshale uligusa nusu na Wanda akanyamaza. Mikono yake ilikuwa imeanza kulichana tawi nyuzi nyuzi.

"Simama," alisema.

Renata alitazama kando. Kulikuwa na kituo cha mafuta mbele yao. Aliwaza wazee saba, akamwaza mtu mwingine akimsugua mgongo Bwana Fitch, akauangalia uso wa mama yake. Akasimama, kwa sababu kuna uso ambao mtoto hawezi kubishana nao.

Wanda alishuka, akazunguka gari kwa mbele, akafungua mlango wa dereva.

"Sogea kule. Kama lazima mshale ushuke, nitaushusha mwenyewe."

Aliendesha hadi nyumbani, maili arobaini na tano, mikono yote miwili kwenye usukani, akipita kila kituo bila kugeuza shingo. Alipoegesha, mshale ulikuwa chini ya nusu. Alimkabidhi Renata ufunguo. Alifika ngazini akarudi, akamkabidhi na pochi yake ya pesa, asije akashawishika kwenda kujaza.

*

Theluji haikushuka. Ilikuja mvua ya vuguvugu, na saa moja na nusu asubuhi Renata aliwasha gari lililolala likapoa. Liliunguruma na kutulia. Alikwenda taratibu hadi Cheektowaga na kurudi, Wanda pembeni akiwa ameshika kisomeo kama trei ya mayai. Kwenye taa ya tatu nyekundu gari lilisimama kimya kiasi kwamba Wanda aliinama kusikiliza kama limezima. Halikuwa limezima. Walipokaribia Clinton mstari wa mvuke ulibadilika, ukaandika: tayari.

Gereji ilikuwa na watu watano. Wawili walikuwepo siku ile. Kessler alichomeka waya wake, akatazama, akachomoa, akachomeka tena.

"Nani amelitengeneza?"

"Mimi na mama yangu," alisema Renata, "na mashine ya kupimia presha."

Aliitoa mfukoni akaiweka juu ya meza. Mzee mmoja kwenye kiti cha plastiki aliomba aione. Kisha akauliza inavyofanya kazi, na Renata akamweleza, na watu wawili wakainuka kusogea karibu. Kessler alisikiliza bila kutaka kuonekana anasikiliza. Alikwangua stika ya zamani kwa wembe, akabandika mpya. Renata aliipiga picha na kumtumia msimamizi saa tatu na dakika kumi. Jibu lilikuja kabla hajaweka simu mfukoni: Bwana Fitch ameshauliza mara mbili uko wapi.

Alilipa ada ya ukaguzi. Kessler alimrudishia chenji lakini akaishikilia kidogo, na alipoongea aliongea chini, kama mtu anayetaka kumsaidia mwenzake. Yale maneno ya boneti, alisema, yamezunguka mtaa mzima. Watu wawili wamepeleka magari yao kwingine. Yeye ana familia. Gari limepona, kila mtu amefurahi, sasa si vibaya Renata akisema tu samahani hapa mbele za watu, yakaisha.

 Wanda alikuwa nje, ameinua kipangusio cha kioo cha mbele, anaibonyeza raba yake kwa kidole gumba.

Renata alichukua chenji yake, akaihesabu, akaitia mfukoni pamoja na kipimo.

"Siku nyingine fungua boneti kwanza," alisema. "Radhi siombi."